Wiki moja kigingi kimoja: ninavyopanga vipindi vya darasa la tatu

Jumapili baada ya magharibi ndo huwa nakaa na daftari langu la kupangia, chai ya tangawizi pembeni, na ukinikuta saa hiyo usiniletee habari za mpira. Nafundisha darasa la tatu hapa Tanga mjini, shule ya serikali, watoto 78 kwenye chumba ambacho ukitaka kupita katikati ya madawati inabidi utembee ubavu ubavu kama kaa. Walimu wageni wakiripoti hapa kitu cha kwanza wananiulizaga ni hiki cha kupanga wiki, maana chuoni (chuo cha ualimu nasema, sio chuo cha mtaani anakofundisha maalim) tulifundishwa kuandika andalio la somo moja moja, vizuri kabisa, ila wiki nzima inakaaje, kipi kitangulie kipi kisubiri, hapo kila mtu anajifunzia humo humo kazini kwa kuumia.

Mi niliumia mwaka wa kwanza tu. Niliandika wiki nzima kwa kalamu za rangi nne, mistari nimepiga kwa rula, yaani hata mwalimu wa taaluma akanisifia. Jumatatu paredi ikala kipindi cha kwanza. Jumatano wakaja watu wa chanjo darasa likakatika katikati, Alhamisi nikaitwa kikao, Ijumaa hiyo hapo na mimi bado nina somo la Jumanne mkononi. Nikakimbiza mada tatu ndani ya saa moja kama nimefukuzwa na nyuki, watoto wananiangalia tu, wiki iliyofuata nauliza hakuna hata mmoja aliyebaki na kitu. Tangu hapo nikaacha kupanga kwa kujaza viboksi.

Sasa hivi naanza na swali moja tu: wiki hii kigingi kiko wapi? Kigingi ni kile kitu kimoja ambacho watoto watajikwaa, ukikipita kijanja janja kitakufuata mpaka muhula wa pili. Kila wiki kinakuwepo kimoja, kwenye somo moja, mara chache viwili. Hicho ndo nakipa saa nzuri, zana nzuri na nguvu zangu zote, masomo mengine wiki hiyo yanatembea mwendo wa kawaida, marudio, mazoezi, kusoma kwa zamu, na wala sioni aibu kusema hivyo. Mwalimu anayetaka masomo yote yang'ae wiki moja ataishia kulala na chaki mkononi Jumatano.

Kigingi hakipo kwenye azimio la kazi. Azimio litakwambia mada na wiki yake, basi. Kigingi kipo kwenye madaftari ya watoto. Ijumaa kabla sijaondoka nachukua madaftari kama 15, sichagui ya wenye akili peke yao wala ya nyuma peke yao, nayapitia kutafuta kosa linalojirudia. Sio nani kapata ngapi, kosa lenyewe. Wiki ninayotaka kuwapa mfano niliona hili, swali lilikuwa 402 toa 178 na jibu likawa 376. Kwenye daftari la kwanza nikasema huyu alikuwa anachungulia dirishani. La pili 376. La nne 376. Hapo sasa ujue sio uvivu, watoto wengi hawawezi kukosea namna moja bila sababu.

Na sababu ukikaa nayo unaiona. Wamechukua 4 wakatoa 1 wakapata 3, wakafika 0 na 7, wakaona 7 ndo kubwa, wakaandika 7, wakafika 2 na 8, wakatoa ndogo kwenye kubwa wakapata 6. Ndogo kwenye kubwa! Nani kawafundisha? Sisi wenyewe, darasa la kwanza na la pili tunawaimbia kila siku namba ndogo inatoka kwenye kubwa, wao wameshika kama walivyoambiwa.

Basi kigingi nimeshakipata, nakiandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: KUTOA PENYE SIFURI KATIKATI. Chini yake naandika swali la Ijumaa ijayo, yaani lile ambalo mtoto akiliweza nitajua kavuka. Niliweka 503 toa 247. Ukishakuwa na swali la Ijumaa unarudi nyuma kwa miguu, Alhamisi awe ameshaweza nini ili Ijumaa asishangae, Jumatano je, Jumanne je. Watu wengi tunapanga kuanzia Jumatatu kwenda mbele, ndo maana Ijumaa inatukuta njiani.

Kabla ya kugawa siku nahesabu muda, ule wa kweli. Ratiba yangu ina vipindi vitano vya hisabati kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, hiyo 200. Toa dakika 15 za Jumatatu maana paredi na matangazo hayaishi. Toa dakika tano tano za kila kipindi za kukaa, kuokota kalamu, "mwalimu, fulani kaniibia penseli", hizo 25. Ijumaa hapa kwetu Tanga watoto akili iko msikitini na nyumbani, tunawahi kumaliza kwa ajili ya swala, toa 20. Tumefika 140. Halafu toa kipindi kizima kimoja ambacho kitakufa tu, hujui siku gani na kwa sababu gani ila kitakufa. Umebaki na 100. Nusu ya kile ulichoandikiwa! Panga cha dakika 100, zikizidi utamshukuru Mungu, una mazoezi ya ziada.

Na saa sio sawa jamani. Jumanne mpaka Alhamisi kabla ya mapumziko ya saa nne, hiyo ndo dhahabu. Mchana baada ya saa sita, joto la mwezi wa pili, bati limechemka, kuna mtoto hajala tangu alfajiri, hapo ukimpa kitu kigumu unamwonea. Kama ratiba imeniwekea hisabati mchana naenda kwa mwenzangu wa darasa hilo hilo tunabadilishana kipindi wiki hiyo, namwambia mapema, na mwalimu wa taaluma namjulisha pia asije akapita akanikuta na somo lisilo la kipindi hicho.

Sasa siku zenyewe zilikwenda hivi.

Jumatatu sifundishi kipya. Napima. Maswali matatu ubaoni, 86 toa 52, halafu 52 toa 27, halafu lile la 402 toa 178. La kwanza halihitaji kuvunja chochote, la pili linahitaji kidogo, la tatu ndo kigingi. Wakiwa wanaandika napita (ubavu ubavu) nachungulia. Mtoto aliyeandika 35 kwenye lile la pili tatizo lake limeanza mbali zaidi, huyo sio wa sifuri, huyo anahitaji kurudi nyuma, majina yao nayaweka pembeni. Ukimpa huyo sifuri katikati ni sawa na kumpa baharia mgeni bahari ya kusi.

Jumanne ni chelewa, zile njiti za makuti za kufagilia. Fagio mbili za chelewa ukizikata vipande virefu kama kidole unapata vya kutosha darasa zima, mi nina makundi 13 ya watoto sita sita na kila kundi napeleka vipande 50 vimefungwa kumi kumi kwa mpira wa hela. Kazi ni moja: una mafungu matano, nipe vipande 27. Wanakwama! Mafungu mawili wanatoa vizuri, wakifika saba wanashangaa, hakuna kipande hata kimoja kilicho peke yake. Usiseme kitu hapo. Nakuomba usiseme kitu. Dakika mbili za kelele, halafu kwenye kundi fulani mtoto mmoja anafungua mpira. Wengine wanamwona, darasa zima linafungua mipira, na hapo ndo unaingia kuuliza umefanya nini, umebaki na mafungu mangapi, 23 imetoka wapi.

Neno nalo. Vitabuni na midomoni mwetu tunasema kukopa. Mi nimeliacha, na hili naweza kubishana na mtu mpaka asubuhi. Mtoto wa Ngamiani, mtaa wa hapa hapa mjini, anajua kukopa, anatumwa dukani aandikiwe kwenye daftari la mangi, anajua ukikopa unarudisha. Sasa kwenye hesabu unamwambia kopa kumi kwa jirani, anakuuliza tutarudisha lini mwalimu? Ana haki ya kuuliza! Haturudishi kwa sababu hatujakopa, tumevunja. Fungu la kumi limevunjwa likawa moja moja kumi, mali ni ile ile. Nasema kuvunja, kama kuvunja hela.

Ndo maana Jumatano ni ya hela. Nakata maboksi, naandika 10,000, 1,000 na 100, sichori picha, hela ya boksi haitaki urembo. Pesa yetu imekaa vizuri sana kwa somo hili, noti ya elfu kumi ni elfu moja moja kumi, na elfu moja ni sarafu za mia kumi, sawasawa na mamia makumi na mamoja yanavyopanda. Nampa mtoto noti nne za elfu kumi na sarafu mbili za mia, namwambia nenda kwa mama muuza ukalipe 17,800. Mama muuza ni mtoto mwingine, kajifunga kanga, hana chenji, huyo ndo utamu wenyewe wa mchezo. Anayelipa ana elfu kumi nne, elfu moja hana hata moja. Inabidi apite kwanza kwa mtu wa kuvunja hela, naye nimemweka pembeni na kopo, avunje elfu kumi moja iwe elfu moja kumi, halafu aone sarafu hazitoshi, avunje elfu moja moja iwe mia kumi. Akirudi ana elfu kumi tatu, elfu moja tisa, na mia 12. Analipa. Anabaki na 22,400.

Pale pale nafuta ubao naandika 402 toa 178. Nawauliza mia nne ziko wapi, makumi yako wapi. Sifuri pale katikati ni yule mtu asiye na elfu moja hata moja. Mia tatu, makumi tisa, mamoja 12. Jibu 224. Kuna mtoto nyuma alisema "kumbe" kwa sauti ya mtu mzima kabisa, nikacheka.

Alhamisi tunaweka zana pembeni, kalamu na karatasi, namba zimepangwa wima. Sitoi maswali 20. Natoa manne, na kila moja wawili wawili wanaelezana kabla ya kuandika, huyu anavunja huyu anauliza kwanini. Hapa nina mtego wangu, naandika mimi mwenyewe ubaoni 376 kwenye lile swali la zamani nawaambia mwalimu mmoja amepata hivi, nitafutieni alipokosea. Wanapenda kumkosoa mwalimu kuliko kitu chochote duniani, tumia hiyo.

Ijumaa ni maswali matatu kwenye kikaratasi, robo ya ukurasa, jina juu. La 503 toa 247 na mengine mawili ya aina hiyo. Dakika 15 tu. Ndo maana Ijumaa fupi hainisumbui, nimeshaipangia kitu kifupi toka mwanzo.

Masomo mengine wiki hiyo? Yalikwenda. Kwenye Kiswahili nilikuwa nashughulika na watoto kuandika "nili kwenda" na "ana kula" mbali mbali, ugonjwa ambao hata wakubwa tunao kwenye simu, nikakata vipande vya boksi vilivyobaki kwenye zile hela, hiki kimeandikwa ni, hiki li, hiki kwenda, wanaviunganisha kwa selotepu mpaka viwe kipande kimoja. Kiingereza waliulizana bei kwa mama muuza yule yule. Unaona nilivyofanya, soko la hisabati nimelitumia mara tatu, zana zikitoka mara moja zitumike mpaka zichakae.

Kama kigingi cha wiki kiko kwenye Jiografia na Mazingira au Sayansi na unataka kuwatoa nje, mfano kuwapeleka ufukweni kuangalia viumbe na mikoko, basi usiangalie kalenda ya ukutani peke yake, angalia mwezi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa wiki hii wiki ijayo utakuta maji yamejaa mpaka kwenye mawe na wewe una watoto 78. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali mida ya saa nne saa tano asubuhi, hapo ndo unapanga. Muulize mvuvi yeyote atakupa jibu bure. Ruhusa ya mwalimu mkuu na taarifa kwa wazazi ziende wiki moja kabla, na uwe na mtu mzima zaidi ya mmoja, hilo silijadili.

Kuhusu kazi za nyumbani, punguza. Watoto wetu wengi wakitoka shule wanakula wanaenda madrasa mpaka jioni, wengine wanauza karanga na ubuyu. Mi natoa maswali matatu basi, na wiki ile ya hela niliwaambia kazi ya nyumbani ni ukitumwa dukani hesabu chenji kabla hujaondoka kaunta. Mzazi mmoja alikuja kunishukuru, akasema toka juzi hajapunjwa.

Kusahihisha ndo kunaua mipango ya watu. Madaftari 78, ukitumia dakika moja moja ni saa moja na dakika 18 kwa somo moja, kwa siku moja, na una masomo mengine. Haiwezekani, tuache kujidanganya. Nimeligawa darasa safu nne, kila siku nasahihisha kwa undani safu moja, kama madaftari 20, hizo tatu nyingine wanabadilishana wanasahihishana majibu yakiwa ubaoni. Mpaka Alhamisi kila mtoto nimemsoma mara moja kwa macho yangu. Iandike kabisa kwenye mpango, Jumatatu safu ya dirishani, Jumanne inayofuata, usipoandika utajikuta unasahihisha wale wale wanaokimbilia mezani.

Halafu mvua. Masika hapa ikipiga kwenye bati huwezi kusikia hata kengele, unaongea kama bubu. Kwenye mpango wa kila wiki kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano nina kitu kinaitwa somo la mvua, kazi ya kuandika au kuchora ambayo haihitaji mdomo wangu, maelekezo nimeshaandika kwenye manila nimeikunja nyuma ya kabati. Mvua ikianza naitundika, nanyoosha kidole. Hiyo hiyo inanisaidia nikiitwa ofisini ghafla.

Sasa makaratasi. Haya yote niliyoeleza ni ukurasa mmoja wa daftari langu, mwandiko mbaya, mishale. Bado andalio la somo lazima liandikwe kwa mfumo wake, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija hatataka kuona mishale yako. Mtaala ulioanza kutumika darasa la tatu 2024 umekuja na umahiri mkuu na umahiri mahususi, soma muhtasari wa somo wenyewe sio ule wa kusimuliwa kwenye grupu la WhatsApp, kisha chukua ukurasa wako wa kigingi uuhamishie humo. Ukishajua Jumanne watoto watafungua mpira wa chelewa, sehemu ya shughuli za mwanafunzi inajiandika yenyewe. Anayeanza na fomu ndo anahangaika kubuni maneno, anaishia kuandika "wanafunzi watajadili katika makundi" siku tano mfululizo. Na kopi ya mwaka jana usiichukue kama ilivyo, watoto wa mwaka jana walikwama pengine.

Ijumaa ile baada ya swala nilirudi shule, nikakaa na vikaratasi 78 mezani nikavipanga mafungu matatu, aliyeweza, aliyekosea kwa haraka haraka, na aliyetoa ndogo kwenye kubwa vile vile. Haikuchukua hata nusu saa. Waliopata 344 kwenye lile la 503 walikuwa tisa. Majina yao nimeyaandika juu ya ukurasa wa wiki ijayo, na Jumatatu nimewaambia wawahi kabla ya paredi, chelewa zao nimeshazifunga.